Mama Kipaza na Mawe Yaliyokwisha

Ndugu waombolezaji, wanafamilia, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, familia imenituma mimi, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu, mke wa fundi viatu, mama wa watoto wawili na bibi wa wajukuu wanne, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu, Mama Kipaza, nami nitasoma polepole, kama alivyopenda tangazo lisomwe, ili wa mwisho kule nyuma asikie sawa na wa kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, alfajiri, katika chumba cha uani cha nyumba ya bati iliyopakana na stoo ya magunia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba mgawa barua na mama mfua nguo, na habari za kuzaliwa kwake zilitunzwa na mkunga, ambaye kwa miaka mingi kila alipokutana na bibi yetu sokoni alimuuliza, "Yule mwitaji wako hajambo?", kwa maana alidai kwamba mtoto yule hakulia kama watoto wengine wanavyolia, aliita, na jirani wa nyumba ya pili akaitika "naam" akiwa bado usingizini.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1961, katika shule ya kutwa iliyokuwa nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1968, na kati ya yote aliyojifunza pale alipenda kusimulia moja, la kupaka ubao, kwa kuwa siku hizo rangi ya ubao ilikuwa adimu, hivyo kila mwisho wa muhula watoto waliagizwa kuleta mawe, na hapa niwaeleze wageni waliotoka mbali kwamba sisi wenyeji wa mtaa huu betri ndogo za tochi na redio tunaziita mawe, tumeziita hivyo tangu wazee wetu, basi watoto walileta mawe yaliyokwisha, wakayapasua kwa mawe ya kweli, wakatoa unga mweusi wa ndani, wakauchanganya na maji ya majani yaliyopondwa, wakaupaka ubaoni kwa matambara, na yeye aliyekuwa mrefu kuliko wenzake akapewa sehemu ya juu, akarudi nyumbani mweusi hadi viwikoni, mama yake akamuuliza, "Ulikwenda kusoma au ulikwenda kuuza mkaa?", na wakati huo hakuna mtu mzima aliyewaza kwamba kitu kile hakikufaa kuwa mikononi mwa watoto.

Kuanzia mwaka 1969 hadi 1971 alisomea ukarani katika chuo cha jioni, akafaulu hesabu na kuandika barua, lakini kwenye kupiga taipu mwalimu wake alimwandikia maneno yaliyobaki kuwa utani wa familia, kwamba mwanafunzi huyu huimaliza barua yote kwa mdomo kabla vidole havijafika.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa na ofisi ya mji kama karani wa mapokezi, akakaa nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu dogo la kusemea, tundu ambalo wenzake wanasema yeye peke yake hakuwahi kulihitaji, na mwezi Agosti 1974, bomba kuu la maji lilipopasuka, mtangazaji wa ofisi akiwa kitandani na homa, mkuu wa idara alitoka na kipaza sauti mkononi akiuliza nani anajua kukitumia, wote wakatazama sakafu, marehemu akasimama akasema, "Nikijua nisijue, watu hawana maji, nipe", na tangu siku ile hakurudi tena dirishani.

Kwa miaka thelathini na minne alizunguka mitaa ya mji huu kwa miguu, jua na mvua, akitangaza maji kukatika na maji kurudi, chanjo, mikutano, funguo zilizookotwa, barabara zilizofungwa, na alikuwa na utaratibu wake, kwamba kila kona tangazo husomwa mara tatu, mara ya kwanza ya kuamsha masikio, mara ya pili ya habari yenyewe, na mara ya tatu ya wabishi, na mtoto akipotea hakuwahi kutangaza kwamba kuna mtoto aliyepotea, alitangaza kwamba kuna mtoto anawatafuta wazazi wake, wajitokeze, kwa sababu alisema mtoto anajua alipo, yuko hapa mkononi mwangu, waliopotea ni wao.

Kipaza sauti kile kilikula mawe makubwa manane kwa mkupuo, na kwa kuwa mtunza stoo wa ofisi alikuwa mtu wa kushuku, akiamini kila jiwe jipya linaishia kwenye redio ya mtu nyumbani, marehemu alitia kila jiwe doa la rangi nyekundu ya kucha, ili likirudi lijulikane kuwa ndilo lilelile lililotoka, na mawe yakianza kuchoka sauti iliburuzika, watoto wakamfuata nyuma wakimwambia, "Mama, leo kipaza kina njaa", naye aliyaanika juu ya bati juani ili yapate nguvu ya tangazo moja zaidi, kama sote tulivyoyaanika, na yakikataa kabisa, mtunza stoo akishayahesabu, aliyatupa kwenye shimo la taka lililokuwa nyuma ya safu ya nyumba zetu, kama sote tulivyoyatupa.

Ni kazi hiyohiyo iliyomletea mume, kwa kuwa mwaka 1977 fundi viatu wa kona ya pili alifika ofisini akitaka itangazwe kwamba kuna mteja aliyeacha kiatu kimoja cha kahawia cha mguu wa kushoto na hajarudi kukichukua, ikatangazwa, mteja akaja mbio kwa aibu, juma lililofuata fundi akaja na kiatu kingine, kikatangazwa nacho, na cha tatu kilikuwa hakina mteja kabisa, alikinunua kwenye mitumba makusudi, marehemu akakigeuza, akatazama soli, akamwambia, "Fundi, viatu vimekwisha, sasa sema unachotaka", akasema, na wakafunga ndoa tarehe 2 Desemba 1978, katika harusi ambayo bibi harusi mwenyewe ndiye aliyewatangazia wageni kwamba chakula kiko tayari, maana aliyepewa kazi hiyo alikuwa hasikiki hata meza ya kwanza.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, kifungua mimba wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1980, ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba wa kike, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1984, ambaye ni msusi na wengi wa akina mama mlio hapa vichwa vyenu ni kazi yake, na hao wote wawili wanashuhudia kwamba mama yao hakupaza sauti ndani ya nyumba hata siku moja, alisema nao kwa sauti ya chini kiasi cha kumlazimu mtu asogee, na baba yao alizoea kuwaambia wageni, "Sauti ni ya serikali, sisi hapa tunabakiziwa chenji."

Alistaafu tarehe 30 Juni 2008, ofisi ikamwachia kipaza sauti chake kuwa zawadi, nasi tulidhani kwamba kilichobaki sasa ni kupumzika, kucheza na wajukuu na kulima kijibustani chake, maana lile shimo la taka lilikuwa limefukiwa mwaka 1999 na wakazi wakagawiwa vipande vya ardhi juu yake wapande mboga.

Mwezi Mei 2011, akichimba tuta jipya pamoja na binti yake, jembe lilikwangua kitu, wakatoa jiwe la betri, wakatoa jingine, yakafuata mengi, yametutumka, yamepasuka ubavuni, yanavuja maji ya kahawia na unga mweupe kama chumvi, binti akasema, "Watu wa mtaa huu hawana adabu hata kidogo", marehemu akalifuta moja kwa upindo wa gauni, akaona doa jekundu, akafuta la pili, doa, akafuta la tatu, doa, akakaa kitako juu ya tuta, akasema, "Mwanangu, watu hao ni mimi", kisha akacheka, cheko lenye uchungu ndani yake lakini cheko, akasema kumbe matangazo yake ya miaka yote hakuyaacha hewani, aliyazika papa hapa, chini ya mboga za majirani.

Hakuliacha jambo hilo lilale, alikwenda kwa bwana afya, ambaye hakumtisha wala hakumbembeleza, alimweleza tu kwamba mawe yakioza ardhini sumu yake haikai mahali pamoja, inashuka na maji ya mvua, inaingia inapoweza kuingia, na kwamba kuna kiwanda katika mji wa pili kinachoyapokea, kinayafungua, kinatenganisha chuma na vilivyomo ndani, vikatumika tena, ila lori lao haliji kwa ndoo moja wala mbili, linakuja pale tu mtaa unapokuwa na shehena kamili, basi marehemu akarudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba anahitaji nusu ya karakana yake, naye Fundi, ambaye kwa ndoa yote ile alikuwa amekwisha kujua tangazo lipi linajadiliwa na lipi halijadiliwi, akasogeza viatu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi Juni mwaka uleule alishika kipaza sauti akazunguka mtaa mzima akisema, kwa ule utaratibu wake wa mara tatu, leteni mawe yaliyokwisha, leteni mawe yaliyokwisha kwa fundi viatu, na watu wakamtii, maana walizoea kumtii, ila mtaa ulikuwa umeshajaa wahamiaji ambao kwao jiwe ni jiwe, kwa hiyo kufika mchana mlangoni pa karakana kulikuwa na toroli la kifusi lililoletwa na mafundi ujenzi, jiwe la kunolea visu lililolika katikati hadi kufanana na tandiko, jiwe la kusagia la bibi mmoja aliyesema kwa masikitiko kwamba hata hili nalo limekwisha, na mama mmoja akanong'ona akiuliza kama yale ya kwenye figo ya mume wake yanahesabika, kwa kuwa daktari alimpa kwenye kichupa, na Fundi akasimama katikati ya shehena hiyo akasema, "Nilioa kipaza, sikujua kinakuja na mlima wake."

Jumamosi ya pili akabadilisha neno, akatangaza kwamba zinazotakiwa kuletwa ni betri, wenyeji wakakaa kimya wakijua betri ni ile kubwa ya gari, na aliyefika ni gereji nzima ya kona ya juu, wakisukuma mikokoteni, wakiuliza kilo ni kiasi gani, hivyo Jumamosi ya tatu alikaa kwanza kitandani akilitengeneza tangazo kama mtu anayetengeneza wimbo, kisha akatoka nalo, mawe ya tochi, mawe ya redio, mawe ya saa ya ukutani, mawe ya rimoti na ya mwanasesere, yakikwisha usiyaanike, yakikwisha usiyazike, yalete, na kwa mara ya kwanza mwenyeji na mhamiaji walielewana, na kufika mwezi wa nane watoto waliruka kamba kwa tangazo hilo bila hata kujua kwamba ni tangazo.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikwenda sawasawa, maana lori lilipokuja mara ya kwanza, tarehe 16 Machi 2013, msimamizi wake, dada mmoja mwenye glavu nene, alifunua pipa la kwanza akakuta betri za simu zimelala pamoja na mawe ya redio, ncha ziko wazi, na pipa jingine limenyeshewa mvua, akafunika, akasema, "Mama yangu, haya yakigusana njiani, mimi na dereva tutafika tumebanikwa", na watu waliokusanyika kutazama wakaanza kunung'unika na kumwita dada yule majina mabaya, marehemu akawanyamazisha kwa mkono, akasema, "Hatutaki mfike mmebanikwa, shusheni", na lori likaondoka tupu, naye akakaa chini karakanani na kuanza kuchambua upya, jiwe baada ya jiwe, la aina hii huku, la aina ile kule, kila lenye ncha ya hatari likizibwa kwa utepe wa gundi, na waliokuja kumpa pole walijikuta wamepewa utepe, hadi tarehe 9 Novemba 2013 lori liliporudi, dada wa glavu akafunua, akatazama, akafunua jingine, akasema neno moja tu, "Pakia."

Kuanzia hapo Jumamosi zikawa na mwendo wake, asubuhi tangazo, mchana kupokea, jioni kuchambua, bwana afya naye akileta walimu na viongozi wa mitaa mingine waje waone, na lori lilikuja kila mwaka, mwaka mwingine mara mbili, na vipande vya bustani ya nyuma vilipumzishwa kimoja kimoja ili udongo wake uchekechwe, ingawa kazi hiyo ilikwenda pole sana, kwa sababu kuchimba kipande chako mwenyewe na kupoteza mboga za msimu si jambo ambalo mtu huliamkia kwa furaha.

Mwezi Septemba 2018 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, tukatania kwamba sasa ni yeye anayehitaji kuanikwa juani, akacheka nasi, lakini mkwaruzo haukuondoka, akaenda hospitali ya wilaya, akapewa rufaa hospitali ya mkoa, na tarehe 4 Desemba 2018 madaktari walituita tukae, wakatueleza kwamba kuna uvimbe kooni, mahali pale pale sauti inapotengenezwa, kwamba unaweza kuondolewa na maisha yakaendelea vizuri, ila ukiondolewa utaondoka na sauti, yote, na haitarudi.

Mambo mawili yalikuja kwa pamoja mwezi ule, kwa kuwa dada wa glavu naye alipiga simu akaeleza kwamba kiwanda kinapanga upya njia za malori, na mtaa ambao hautakuwa na shehena kamili kabla mwaka unaofuata haujaisha utaondolewa kwenye safari, na kwa kuwa mapipa yetu yalikuwa yametoka kupakiwa, tungeanza upya bila kitu na bila mtangazaji, hivyo kitinda mimba, kwa nia njema ya mtoto, alikuja na simu yake akasema, "Mama, soma tangazo lako mara moja tu, tulihifadhi, tutakuwa tunalipiga kwenye kipaza kila Jumamosi, hakuna atakayejua", na sisi sote tuliokuwa chumbani tuliona ni wazo zuri, tukasogea tukingoja aanze.

Marehemu alikataa, na maneno aliyoyasema tunayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa sauti yake ya chini ya nyumbani, kwamba "Wakija kwa kufuata sauti, sauti ikizikwa nao watakaa, na mimi nimewaita watu hawa maisha yangu yote, nataka kujua kama walisikia au walikuwa wananisikiliza tu", mwanawe akamuuliza, "Na wasipokuja?", akamjibu kwamba basi nitakuwa nimejua, na tarehe 17 Januari 2019 alifanyiwa upasuaji, ukafanikiwa, akarudi nyumbani baada ya majuma matatu, mwenye kitambaa cha shingoni na tundu dogo la kupumulia chini yake, mwenye afya njema na kimya kabisa.

Fundi anasema kwamba kimya hicho hakikumpunguzia yeye chochote, kwamba mkewe aligombeza kwa nyusi vizuri zaidi kuliko alivyowahi kugombeza kwa mdomo, na kwamba Jumamosi ya kwanza ya mwezi Machi, alipovaa vizuri akakaa kwenye kigoda mlangoni pa karakana, ndoo mbili ziko miguuni pake, asubuhi ikapita, mchana ukapita, akaja mtu mmoja tu, naye alileta soli, yeye kama mume alishindwa kuvumilia, akaingia ndani akatoka na kipaza sauti ili atangaze mwenyewe, hata kama watu wangecheka, mkewe akanyanyuka, akampokonya taratibu kama mtu anayempokonya mtoto kisu, akafungua kifuniko cha nyuma, akayatoa mawe yote manane yaliyokuwa bado na nguvu, akayaziba ncha, akayaweka ndooni moja moja, akarudi kwenye kigoda chake akakunja mikono, na Fundi akasema, "Haya Mama, angalau leo tumepata manane."

Jumamosi mbili zilizofuata hazikuwa bora, ya nne akaja kinyozi na mfuko mdogo, akasimama pale akikunakuna shingo, akasema, "Mama, nilikuwa nangoja nisikie tangazo, kila Jumamosi nangoja, leo nikaona haya, nangoja nini?", na marehemu akampa kigoda, akampa utepe, na mtu yeyote anayemjua kinyozi wetu anajua kwamba kumpa yeye habari ni sawa na kuitundika ukutani, maana hakuna kichwa kilichonyolewa mwezi ule kikaondoka bila kuulizwa ya kwenye rimoti yako yakoje, mzee, yamekwisha? yapeleke, na baada yake akaja mama muuza vocha, wakaja mafundi ujenzi walewale wa kifusi, safari hii na mawe yenyewe, wakaja watoto wa shule, na kila aliyekuja alileta ya jirani yake pia, lakini mwezi Oktoba, mapipa yalipopimwa, yalikuwa nusu tu, na hesabu ya kila mtu ilisema haitafika.

Kilichotokea hakikupangwa na familia wala ofisi ya mtaa, nasi tumejaribu kumtafuta wa kwanza ili leo tumtaje, kila tunayemuuliza anamtaja mwenzake, ila tunachojua ni kwamba katika juma la pili la Novemba mtu mmoja alichimbua kipande chake cha bustani pamoja na mboga zake zilizokuwa bado changa, akachekecha udongo, akaleta ndoo iliyojaa yale ya zamani, jirani yake alipoona kipande cha mwenzake kiko wazi naye akachimbua chake, Jumamosi iliyofuata watu walipanga foleni kutoka mlangoni pa karakana hadi kona, na matope hadi magotini, wakitaniana kwamba mwaka huu tumevuna, na marehemu alipokea kila ndoo kwa mikono miwili, akamtazama kila mtu usoni, na wale waliokuwa kwenye foleni ile wanajua kwamba hakukuwa na haja ya yeye kusema kitu.

Lori lilipakiwa tarehe 14 Desemba 2019, likajaa, mapipa matatu yakabaki yakisubiri safari inayofuata, dada wa glavu akauliza mtangazaji mpya ni nani, akaambiwa hayupo, akadhani anataniwa, na marehemu akalipiga lori bodi mara mbili kwa kiganja, kama makondakta wanavyofanya, likaondoka, naye usiku huo alilala mapema na, kwa ushuhuda wa Fundi, alikoroma kwa furaha.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, tunaisema hivyo bila kuongeza chumvi, kila Jumamosi alikuwa mlangoni pale, wajukuu wakijifunza kusoma midomo yake na kujifanya hawajaielewa inapowaagiza dukani, mitaa miwili ya jirani ikaanza kukusanya yake, na tarehe 6 Juni 2024, maradhi yaliporudi, safari hii kifuani, madaktari walizungumza naye kwa uwazi, akachagua kurudi nyumbani, kitanda chake kikasogezwa dirishani upande wa karakana, na hapo, asubuhi ya Alhamisi tarehe 26 Septemba 2024, alifariki akiwa ameshika mkono wa mumewe, ambaye alikuwa akimsimulia kuhusu mteja wa jana aliyeleta viatu viwili vyote vya mguu wa kulia, naye alikuwa akitabasamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na ya mkoa, hasa muuguzi aliyemfundisha kutunza lile tundu la shingoni na akageuka kuwa rafiki wa nyumbani, inamshukuru bwana afya, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ofisi ya mji, akiwemo mtunza stoo, ambaye amekuja akitembelea fimbo na ambaye amekiri kwetu jana kwamba hakuna jiwe lililowahi kupotea, inawashukuru dereva wa lori na dada wa glavu waliosafiri usiku kucha ili wawepo, inamshukuru kinyozi, na inawashukuru majirani wote kwa maji, viti, turubai na kwa kukesha nasi.

Lipo moja la mwisho ambalo familia haikuwa na hakika kama lisomwe, lakini Fundi ameagiza lisomwe, kwamba leo ni Jumamosi, na tangu asubuhi tumeona wengi wenu mkiingia kutupa pole huku mkono mmoja umebaki mfukoni, wengine mmeyaacha kimyakimya kizingitini pembeni ya viatu, wengine bado mnayo hapo mlipo na mnaona haya kuuliza, basi msione haya, hakuna aliyekosea, ndoo ya mawe iko mlangoni kushoto, ya betri za simu iko kulia, utepe uko juu ya kigoda, na tafadhali zibeni ncha.

Hakuna tangazo lililotolewa leo, Shangazi, pumzika kwa amani, wamekuja wenyewe.